Moyo Uzururao katika Al-Inkishafi

Wengi waisomao Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huiona kuwa ni maombolezo ya mji wa Pate. Maombolezo yamo, lakini anayesemezwa si mji. Ni moyo wa mshairi mwenyewe, uliopumbazwa na ghururi za dunia. (William Hichens, alipoichapisha London mwaka 1939, aliipa jina la Kiingereza lenye maana ya kuamka kwa roho, wala hakukosea.) Nao moyo huo haukemewi kwa amri tupu. Huulizwa swali juu ya swali, kisha huonyeshwa vitu: taa iwakayo penye upepo, mazigazi yamdanganyayo mwenye kiu, na vumbi lionekanalo katika mwali wa jua, ambalo mtu akilidaka kisha akafumbua kiganja haoni kitu. Mfano huu wa vumbi ndio bora kuliko yote, kwani hauonyeshi uongo wa dunia tu, bali pia mkono usiokoma kudaka.

Umbo nalo lasaidia. Katika kila ubeti mistari 3 ya kwanza ina kina chake, bali wa 4 hurejea daima kwenye kina kile kile. Moyo huachwa utembee, kisha hurudishwa nyumbani.

Zifikapo beti za majumba yaliyobomoka, popo waning'inia vyumbani, na ndege wamejenga viota katika vidaka vya vyombo vya kaure. Hapo moyo hauna pa kukimbilia. Sharti utazame kilichopo.

Udhaifu u katika beti za mwisho, zitajazo mioto ya Jahanamu. Hofu huuamsha moyo, lakini huupeleka mbio upya, ilhali ulikwisha kufundishwa kutulia mbele ya popo na vumbi.