Fundi Huonekana Kabla Gari Halijanyanyuka

Gari likiingia gereji, wengi humtazama fundi anavyofungua boneti. Mimi humtazama anavyopiga jeki. Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba klabu au mradi fulani "umepigwa jeki", kana kwamba ni kazi ya kunyanyua tu. Gereji ndipo utakapojua kwamba kunyanyua ni rahisi, kujua pa kunyanyulia ndiyo kazi.

Fundi anayestahili jina hilo huinama kwanza. Gari dogo kama Vitz au Corolla halina chasisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Chini ya milango, kila upande, mabati yameshikanishwa yakafanya pindo linaloning'inia kama la kanga. Lipapase kwa kidole, yapata shubiri moja nyuma ya tairi la mbele, utakuta vipengo viwili vidogo. Vingine viwili viko mbele kidogo ya tairi la nyuma. Katikati ya vipengo hivyo kiwanda kimeongeza nguvu, na hapo ndipo jeki inapokaa. Jeki ya mkasi inayokuja na gari ina mfereji kichwani, pindo likaingia humo na mzigo ukabebwa pembeni. Jeki kubwa ya gereji ina sahani bapa ya chuma, haina mfereji huo. Fundi wangu ana kipande cha mninga, ukubwa wa kiganja, alichokichanja mfereji kwa msumeno. Hukitoa kwenye mfuko wa ovaroli bila maneno, hukipachika juu ya sahani, ndipo huanza kupampu. Siku nilipokiona kwa mara ya kwanza niliacha kupunguziana naye bei.

Pindo lililolala upande ni saini ya fundi aliyepita. Nikienda kukagua gari la mtumba hupitisha mkono hapo kabla hata halijawashwa. Bati likikunjika rangi hupasuka, na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, kutu haihitaji kualikwa mara mbili.

Hilux ina mambo yake. Ile ina chasisi kweli, na jeki hukaa kwenye chasisi au chini ya ekseli ya nyuma karibu na tairi. Anayeiweka chini ya ngazi ya kukanyagia, mwombe funguo zako.

Balaa kubwa kuliko zote ni sampo, chombo cha oili kilicho chini ya injini. Iko katikati, iko chini, imetulia kama beseni, na fundi mwenye haraka huiona ni mahali pazuri. Niliwahi kuacha gari kwenye gereji moja kubadilisha bushi tu. Wiki haikuisha, taa ya presha ya oili ikaanza kupepesa. Sampo ilikuwa imebonyea ndani hadi ikakaribia kuziba chujio ambalo injini hunyonyea oili. Nilipouliza, nikaambiwa huenda nilipita kwenye tuta. Tuta lenye alama ya duara la sahani ya jeki!

Kisha tazama utaratibu. Nati za tairi hulegezwa kidogo gari likiwa bado chini, maana tairi lililo hewani huzunguka na mtu akalazimika kulitikisa gari lote. Kabari huwekwa kwenye matairi yanayobaki ardhini. Kwenye magari mengi handibreki hushika matairi ya nyuma peke yake, kwa hiyo ukinyanyua nyuma ukaitegemea, umejidanganya. Kwenye mchanga, ubao mpana hutangulia chini ya jeki. Na kabla mtu hajaingiza hata bega uvunguni, lazima stendi za chuma ziwe zimeshika mzigo. Jeki ya maji huweza kushuka polepole sili zake zikichoka. Tofali nalo halionyi: hupasuka ghafla. Fundi wangu akishaweka stendi husukuma gari kwa nyonga mara mbili, ndipo hulala chini.

Akiwa uvunguni kubadilisha oili, swali ni je, anajua anachokifungua? Magari mengi ya otomatiki yana nati mbili za kumwagia, ya injini na ya gia, na wapo waliokwisha kumwaga ya gia wakajaza oili mpya juu ya oili ya zamani ya injini. Subaru zina sifa ya kuwapoteza watu hapo. Anayejua hufuata sampo ya injini kwa macho, hulegeza taratibu, hutazama tone la kwanza. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia. Ya gia mara nyingi ni nyekundu. Kisha hubadilisha washa ya nati, kitu cha bei ndogo ambacho mafundi wengi hukirudisha kilekile.

Gari likishushwa, nati za tairi hukazwa kwa kuvukana, si kwa kuzunguka. Toyota nyingi ndogo zinataka mkazo wa Nm 103, na anayeruka juu ya spana kwa miguu miwili amepitiliza. Kijiti cha oili husomwa sasa, gari likiwa sawasawa. Kukisoma gari likiwa limeinama ni kupiga ramli.

Mwishowe fundi wangu huwasha injini dakika moja, huizima, hulala tena chini na kufuta kuzunguka nati ya kumwagia oili kwa kitambaa safi. Hukileta kitambaa kwangu, hukikunjua. Kikiwa kikavu, ndipo husema, "Mzee, nimemaliza."