Kazi ya Klachi Hupimwa Giaboksi Ikiwa Chini

Zipo kazi za gereji unazoweza kuzikagua hata mwezi ukishapita. Breki utafungua gurudumu uzione, rangi utaitazama juani. Klachi haitoi nafasi hiyo. Ikishafungwa imezikwa kati ya injini na giaboksi, na kuirudia ni kushusha giaboksi upya na kulipa ufundi upya. Anayetaka kujua kama klachi ya gari lake la zamani imefungwa sawasawa ahakikishe yupo wakati giaboksi imelala chini na flaiwili iko wazi. Muda huo ni mfupi, na yote yenye thamani yanaonekana ndani yake.

Nitachukua mfano wa Hilux ya zamani ya dizeli, ile ya injini ya 3L au 5L yenye difu mbele na nyuma. Bado zinabeba mahindi, mbao na watu kila mkoa, na wenye nazo hawana haraka ya kuziuza. Kwenye gari hili giaboksi haishuki peke yake, inashuka na kasha la transfa linalogawa nguvu kwa difu zote mbili. Kabla ya hapo zinatoka propela mbili, stiki za gia kutoka ndani, stata, kebo ya spidi, pengine na bomba la ekzosi, kisha boriti inayobeba giaboksi. Mafundi wawili wanaofanya kazi chini, kwenye jeki na stendi, watatumia siku nzima au karibu yake. Corolla inayovuta kwa mbele haina propela, lakini shafti za magurudumu lazima zitoke, na nafasi ya kuingiza mkono ni finyu. Kwa hiyo usimshangae fundi akitaja bei ya ufundi inayokaribia bei ya spea. Anastahili, kama atafanya ninayoyaeleza hapa.

Kwanza, je, ni klachi kweli? Pedali ikizama, au gia zikikwaruza kuingia, mara nyingi ugonjwa uko nje: klachi masta iliyo juu au silinda ndogo ya chini imepitisha mafuta kwenye raba zake. Fundi mwangalifu hufungua kofia ya mafuta ya klachi masta kabla ya kugusa spana. Hukunja raba ya silinda ya chini aone kama ndani kuna unyevu, kisha humwomba mtu akanyage pedali huku yeye akitazama kijiti kinavyosukuma uma wa klachi. Kijiti kikitembea kidogo, tatizo ni mafuta au upepo, na hakuna haja ya kushusha chochote. Klachi pleti iliyoisha ina dalili zake. Upo gia ya nne, unapanda mlima kama Sekenke au Kitonga na mzigo, unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele zaidi na gari haliongezi mwendo. Harufu ya kuungua inafuata. Anayesema "klachi imeisha" akiwa amesimama pembeni ya gari ambalo hajalipanda, mwache.

Spea inunuliwe kabla gari halijafunguliwa, na isifungwe kabla ya kulinganishwa na iliyotoka. Gerezani jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi utapewa maboksi ya kila aina, na mengi yana maandishi yanayofanana. Usihukumu kwa boksi. Namba za Toyota zinasaidia: klachi pleti huanza na 31250, presha pleti 31210, beringi ya rilizi 31230. Tarakimu hizo tano zinataja ni kitu gani, na zinazofuata zinataja ni cha gari lipi. Muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza aina ya injini na mwaka wa gari, atatafuta namba kamili, ndipo aende rafuni. Anayekuambia "hii inaingia Hilux zote" hajakuuzia klachi, amekuuzia bahati.

Kisha shika pleti mikononi. Meno ya katikati yawe yamekatwa safi, yasiwe na ncha zinazokwaruza kidole. Springi zilizozunguka kitovu zikae kwa kubana. Itikise, na ikilia kama njuga irudishe. Vichwa vya ribiti viwe vimezama kwa usawa chini ya laini, ile ngozi inayosugua, vyote, bila kimoja kuwa cha pembeni au kilichopondwa. Tazama ubavuni: kati ya laini mbili kuna mabati membamba yenye mawimbi, ambayo hubonyea kidogo pleti inapobanwa. Mabati hayo ndiyo yanayofanya gari liondoke taratibu bila kutetemeka. Pleti za hovyo huwa nayo bapa, au hazina kabisa, na dereva atalijua hilo kila anapoondoka kwenye foleni. Mwisho iweke juu ya ile ya zamani: kipenyo kilekile, idadi ileile ya meno, kitovu kimechomoza upande uleule.

Na za mtumba kutoka Japani? Hapa nina msimamo. Presha pleti iliyotumika ya kiwandani, yenye uso laini usio na bluu ya moto, vidole vya springi vikiwa vimelingana kimo na havijalika mfereji, naweza kuikubali mbele ya mpya ya bei poa. Pleti iliyotumika naikubali kwa kipimo tu. Toyota inaweka kikomo cha milimita 0.3 kutoka uso wa laini hadi kichwa cha ribiti, na inayokaribia hapo ni taka. Beringi ya rilizi iliyotumika siikubali kamwe. Ni ya bei ndogo kuliko hizo mbili, na ikifa, giaboksi inashuka vilevile kama vile pleti imekufa. Hesabu ya klachi yote iko hapo. Ufundi una bei moja, uwe umeweka kitu kizuri au kibaya, kwa hiyo kila kitu cha bei ndogo kinachokaa kati ya injini na giaboksi kinastahili kununuliwa kipya hata kama cha zamani "bado kizuri kizuri." Sili ya nyuma ya kranki, sili ya mbele ya giaboksi na pailoti beringi ni vitu vidogo. Sili ikivuja, oili inalowesha pleti mpya, na laini iliyonyonya oili haiponi kwa kuoshwa na petroli.

Sasa giaboksi iko chini. Angalia fundi anaanza na nini. Akichukua upepo wa kompresa kupuliza vumbi jeusi ndani ya kasha, mzuie, kwa ajili yake zaidi kuliko gari lako. Laini za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi hilo huharibu mapafu. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Flaiwili ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Fundi wa haraka atafuta kwa msasa na kuendelea. Fundi mzuri atapitisha kucha juu ya uso wake kutafuta mifereji, atatafuta madoa ya bluu na nyufa nyembamba za moto, ataweka rula ya chuma aone kama pamebonyea. Ikiwa na lolote kati ya hayo, anaifungua na kuipeleka kwenye mashine ya lezi ichongwe iwe bapa, hata kama itachelewesha gari hadi kesho. Pleti mpya juu ya flaiwili mbovu itatetemeka toka siku ya kwanza, na lawama itaangukia spea. Flaiwili ikiwa imetoka, sili ya kranki iko wazi, inabadilishwa hapo hapo. Kidole kinaingizwa kwenye pailoti beringi na kuzungushwa. Hata isipokwama wala kusaga, inatoka.

Kufunga kunadai mikono misafi. Fundi ananawa, anafuta flaiwili na presha pleti kwa dawa ya kusafishia breki ili kuondoa mafuta ya kiwandani, na hashiki laini kwa vidole vyenye grisi. Meno ya shafti yanapakwa grisi inayovumilia moto, kiasi cha kung'aa tu, kwa sababu inayozidi itarushwa kwenye laini. Pleti inajaribiwa kwenye shafti ya giaboksi kabla ya kupanda juu, iteleze yenyewe bila kusukumwa. Kisha inawekwa katikati kwa shafti ya zamani au kifaa cha plastiki. Wapo wanaokadiria kwa jicho, na wachache wana jicho hilo. Wengine wote watahangaika na giaboksi kwa saa nzima. Bolti za presha pleti zinakazwa kwa kuvuka, mzunguko mmoja mdogo baada ya mwingine, hadi newton-mita 19. Anayekaza moja hadi mwisho ndipo aende ya pili anapinda kava.

Wakati wa kupandisha, ndipo penye heshima ya kazi hii. Giaboksi isiachwe hata dakika moja ining'inie kwa shafti ikiwa imeingia kwenye pleti, maana uzito wote unakaa juu ya kitovu chembamba na kukipinda. Ishikiliwe na jeki, ilinganishwe, isukumwe kwa mikono hadi kasha ligusane na injini. Fundi anayevuta giaboksi kwa kukaza bolti ndefu ameshindwa kulinganisha na analazimisha. Mwambie ashushe, aanze tena. Ni afadhali mkwaruzane kwa maneno.

Kabla ya kulipa, uliza kama oili ya gia imerudishwa, na mwombe afungue nati ya kujazia uone. Giaboksi zimekufa kwa kusahauliwa huko. Chukua vipuri vya zamani uvitazame nyumbani. Pedali iwe na mchezo mdogo juu, milimita 5 hadi 15, kabla haijaanza kukaza. Washa injini, kanyaga klachi hadi chini, hesabu mpaka tatu, ingiza rivasi. Iingie kimya. Ondoka mara kadhaa kwa gia ya kwanza bila kukanyaga mafuta sana, na gari lisitetemeke. Kisha endesha kilomita 500 hivi kwa upole, bila mzigo mzito wala kuvuta gari la mwenzako, laini ipate kukaa sawa na uso wa chuma. Baada ya wiki lala chini ya gari, tazama pale kasha linapokutana na injini. Pakiwa pakavu, umefungiwa vizuri. Pakiwa na tone la oili, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo, kabla oili haijafika kwenye pleti.