Elafini ya Majengo ipo, lakini iko wapi?

Tangu 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wamewafuatilia wanawake wa biashara ya ngono katika kliniki ya Majengo, Pumwani. Baadhi yao walikaa miaka bila kuambukizwa virusi vya ukimwi, ingawa walikutana navyo mara kwa mara. Utafiti wa 2009 ulipima ute wao wa ukeni kwa mashine inayotambua molekuli kwa uzito, na protini iitwayo elafini ikaonekana nyingi zaidi kwa hao waliostahimili.

Kazi nzuri, ila ute ukishaingia chupani hausemi elafini ilitoka seli gani, wala kama ilikaa karibu na seli za CD4 zinazolengwa na virusi. Kwa swali hilo unahitaji kipande chembamba cha tishu, na protini zilizotiwa alama za metali.

Alama hubebwa na kingamwili inayoishika protini unayoitafuta. Hufungwa mnyororo wenye atomi za lanthanidi, kama neodimi au samari, kwa kuwa mwili hauna metali hizo kwa kiasi cha kusumbua (gadolini ni tofauti: aliyedungwa dawa ya picha ya MRI huweza kuwa nayo). Kazi ngumu ni kulegeza vifungo vya salfa vya kingamwili ili mnyororo upate pa kushika. Dawa ya kulegeza huachwa takriban nusu saa kwenye nyuzi 37. Ikizidi, kingamwili hukatika vipande. Ikipungua, metali haishiki. Naamini picha nyingi huharibikia hapo, mashine haijawashwa hata kidogo.

Baadaye leza huchoma tishu nukta kwa nukta, kila moja mikromita 1. Mvuke wake hupita kwenye plazma ya agoni, kisha metali hutenganishwa kwa uzito. Rangi za kung'aa, zinazotumika kwa darubini za kawaida, huingiliana zikizidi chache. Neodimi ya 142 na ya 143 haziingiliani hivyo. Mwaka 2014 kundi la Zurich lilionyesha protini na mabadiliko yake 32 katika kipande kimoja.

Bei ya njia hii ni muda. Milimita 1 ya mraba ina nukta milioni 1. Leza ikipiga mara 200 kwa sekunde, hiyo ni saa 1 na dakika 23. Tishu iliyochomwa hairudi tena. Maabara ambayo haijajaribu kingamwili zake kwenye tishu ya kawaida isipewe sampuli za akina mama wa Majengo.