Mwanga wa Saa Kumi

Saa kumi jioni, jua likianza kuelekea Mau, ndipo wapiga picha wa Nyayo Gardens hapa Nakuru huianza kazi yao ya kweli. Jua la utosi hawalipendi. Humchimba mtu macho akaonekana kama aliyeudhika. Sasa mwanga umelala. Mzee mmoja niliyemzoea humshika mteja mabega kwa ncha za vidole, akamgeuza kidogo tu, kisha akarudi nyuma hatua tatu bila kutazama anakokanyaga. Hamwambii mtu acheke. Humuuliza habari za nyumbani, na yule anapofungua kinywa kujibu, kamera imeshalia.

Kila nikimtazama humkumbuka mpiga picha wa Nairobi aliyezaliwa mwaka wa 1935, Priya Ramrakha. Gazeti la Colonial Times liliendeshwa na jamaa yake, G. L. Vidyarthi, ambaye serikali ya kikoloni ilimfunga kwa kosa la uchochezi. Kwa hiyo Ramrakha alijua mapema kwamba karatasi inaweza kumpeleka mtu jela. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Alizipiga picha barabara za mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi, mji ambao kila mtu alitakiwa kujua mlango wake na kuutumia huo huo.

Kabla yake, tangu reli ilipokuwa ikijengwa, kamera zilikuwapo. Mpiga picha William D. Young aliandamana na ujenzi wa Reli ya Uganda, iliyofika Nakuru mwaka wa 1900 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Nazistahi picha zake. Bila yeye tusingejua wajenzi waliishushaje reli katika Bonde la Ufa. Lakini katika nyingi nilizoziona, mtu amewekwa kando ya daraja ili tujue daraja lina urefu gani. Kwa Ramrakha, mtu ndiye aliyefuatwa, na daraja likae huko nyuma. Hiyo ndiyo tofauti ninayoithamini kuliko zote katika ufundi huu.

Alikwenda kusomea upigaji picha Los Angeles, akarudi, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufanyia kazi majarida ya Time na Life. Tarehe 2 Oktoba 1968 aliuawa kwa risasi kwenye vita vya Biafra, akiwa na miaka 33. Picha zake nyingi zikapotea machoni pa watu kwa miongo kadhaa, mpaka Shravan Vidyarthi, mtu wa ukoo huo huo, alipozikuta zimehifadhiwa katika gereji jijini Nairobi. Zikazaa filamu, na mwaka wa 2018 kitabu. Fikiria: macho yote yale, gizani, karibu na makopo ya rangi na magurudumu!

Nakuru nayo ina jambo lake. Tarehe 12 Agosti 1963 Jomo Kenyatta alizungumza na walowezi katika ukumbi wa mji huu, akawaomba wasamehe naye asamehe, wabaki walime. Kila mwanahistoria anautaja ukumbi ule. Mimi hutamani kuwaona waliokuwa nje siku hiyo: mpishi anayemsubiri bwana wake, muuza magazeti, mama aliyepumzisha kapu chini ya mti. Nyuso hizo huwa ni kazi ya mpiga picha wa barabarani, ambaye hakualikwa ndani.

Siku moja mzee wa Nyayo Gardens alinionyesha mkebe wa biskuti uliojaa negativu. Kila ukanda ameufunga kwa karatasi ya daftari na kuandika mwezi na mwaka. Aliunyanyua mmoja, akaushika kwa kingo zake mbili ili alama za vidole zisiingie, akauelekeza juani. Ndani yake bibi harusi alivaa gauni jeusi na meno yake yalikuwa meusi. Mzee alimtambua papo hapo kwa namna alivyoinamisha shingo. Alinieleza pia kuhusu mama mmoja ambaye nyumba yake iliteketea katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mapema 2008. Alitoka kambini Showground akaja kuuliza kama kuna picha yoyote ya marehemu mumewe. Mzee alipekua mkebe siku mbili. Aliipata, akaisafisha upya, na hakumtoza hata shilingi.

Siku hizi kila mtu ana kamera kwenye simu, na mikebe kama ule inatupwa pamoja na mali ya marehemu. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021. Jiji linastahili chumba kikavu, kabati na mtu mmoja wa kupokea picha za watu wake. Naiomba kaunti ikitenge. Nawe msomaji, ukikuta negativu kwenye sanduku la nyumbani, usizichome. Zifunge kwa karatasi kavu, ziweke mbali na jua, kisha muulize mkubwa wenu angali hai: huyu ni nani, na hapa ni barabara gani? Andika jibu lake kwa penseli, leo hii.