Fukuoka na Jaruba Lisilolimwa

Masanobu Fukuoka alikuwa mkaguzi wa mimea katika forodha ya Yokohama, bandari kubwa ya Japani. Akiwa na miaka 25, baada ya kuugua nimonia kali na kuandamwa na hofu ya kifo, aliacha kazi na hatimaye akarudi kwao kisiwani Shikoku na imani moja: ardhi ikiachwa ijiendee, hustawi kuliko ikisumbuliwa. Imani hiyo ilianza kwa kuua miti.

Baba yake alimkabidhi shamba la michenza. Fukuoka akaacha kuipogoa. Matawi yakasongamana, mwanga ukashindwa kupenya, wadudu wakaingia, miti mingi ikakauka. Sababu yake haina fumbo. Mti uliopogolewa tangu ukiwa mchanga umekwisha kupoteza umbo lake la asili, na ukiachwa ghafla hauwezi kulirudia peke yake. Kijana akarudi kwenye ajira, safari hii katika kituo cha utafiti wa kilimo mkoani Kochi, akashughulika na magonjwa na wadudu wa mimea hadi miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wanaosimulia habari zake hukipita kipindi hiki mbiombio. Kwangu ndicho kilichomwokoa: alikuwa na mshahara, na kila siku aliona kilimo cha kitaalamu kinavyofanya kazi, akipima wazo lake dhidi ya kilimo hicho.

Baada ya vita alirudi shambani moja kwa moja. Utaratibu aliofikia kwenye mpunga unastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Mwanzoni mwa Oktoba, mpunga ukiwa bado umesimama, alimwaga katikati yake mbegu za shayiri na za klova nyeupe, mmea wa jamii ya mikunde. Mpunga ukivunwa na kupurwa, mabua yote yalirudi shambani juu ya shayiri inayochipua. Kabla mwaka haujaisha, mbegu za mpunga wa msimu ujao nazo zilitupwa humo humo, zikiwa zimeviringwa ndani ya udongo wa mfinyanzi ili ndege na panya wasizile. Mwezi Mei shayiri ilivunwa, na mabua yake yakafunika mpunga. Mvua za Juni zilipoanza, maji yalizuiwa jarubani kwa muda wa wiki moja hivi: klova na magugu yakadhoofika, mpunga ukapata nafasi ya kupanda juu.

Jembe halikupita, mbolea ya kiwandani haikuingia, dawa haikunyunyizwa. Kila kazi ya jembe ilikuwa imepewa mwingine: klova ilizuia magugu na kuongeza naitrojeni, mabua yalitunza unyevu na kurudisha rutuba, pamoja na samadi kidogo ya kuku. Hata kutandaza mabua kulikuwa na kanuni. Yakipangwa kwa mistari nadhifu, miche hukosa pa kutokea, kwa hiyo ni lazima yatupwe ovyo. Tena bua la mpunga halifuniki mpunga, maana hudhuru miche yake. Mkulima akichelewa wiki chache tu, mlolongo mzima unakatika. Kazi ya mikono ilipungua, lakini kazi ya kuangalia iliongezeka sana.

Kwa maelezo yake mwenyewe, mavuno yalifikia karibu tani 6 kwa hekta. Kitabu chake cha 1975 kuhusu utaratibu huo kilimpa umaarufu, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Ramon Magsaysay ya barani Asia.

Wako wengi Dar es Salaam na Nairobi wanaotaka kuacha ofisi wakalime, na nawatakia heri kwa moyo wote. Nawasihi tu wasiige mbegu zake wala tarehe zake, maana hizo ni za Shikoku, yenye msimu wa baridi na mvua zake. Waige mpangilio: ardhi ya familia, mshahara uliobaki wakati wazo likipimwa, na msimu baada ya msimu wa kusahihisha. Usijiuzulu kabla hujavuna hata mara moja katika ardhi ile ile unayotaka kuihamia.