Kufuli, Nguzo na Kalamu ya Bic

Anayetoka Kiuu, pale Githurai 45, kwenda kwa baiskeli hadi Fourteen Falls nje ya Thika hupitia Ruiru na Juja, na kila anaposimama kula hutafuta kwanza mahali pa kuifungia. Nguzo ya bango? Kingo za chuma? Kwenye barabara hii kuu ya Thika, iliyozinduliwa Novemba 2012, hivyo vyenyewe huibwa. Vimekatwa mara nyingi vikauzwa kama skrapu. Januari 2022, minara ya umeme ilipohujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, ikaja kuruhusiwa tena Mei kwa masharti mapya. Mwenye msumeno wa kukata nguzo hana haja ya kuhangaika na kufuli.

Wala si nguzo tu. Septemba 2004, mwendesha baiskeli mmoja wa San Francisco alionyesha jinsi kufuli ya Kryptonite, ile ya umbo la U iliyoaminiwa tangu miaka ya 1970, inavyofunguka kwa bomba la kalamu ya Bic, kalamu ambayo kampuni ya Haco iliitengeneza Nairobi kwa miaka mingi. Chuma hakikuguswa. Tundu la ufunguo lilikuwa la duara, pini zake zimepangwa kulizunguka, na bomba la kalamu liliingia humo sawasawa. Likisukumwa na kutikiswa, plastiki laini hubonyea, kila pini inakaa mahali pake, kufuli inazunguka. Kampuni ya Kryptonite ililazimika kuwabadilishia wateja kufuli zaidi ya laki tatu bila malipo.

Fundi wa Marekani Sheldon Brown, aliyefariki 2008, alikuwa na mbinu isiyohitaji kufuli kubwa: ipitishwe kwenye nguzo na gurudumu la nyuma, ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu. Gurudumu haliwezi kutoka humo, kwa hiyo fremu nayo imefungwa. Mwizi atalazimika kukata rimu na tairi, yaani kuharibu anachokiiba. Gurudumu la mbele ndilo linalobaki wazi, hasa likiwa la ekseli inayofunguliwa kwa mkono. Hapo baiskeli ya Black Mamba, pamoja na uzito wake wote, inazishinda zile za bei ghali: nati zake zinataka spana.

Hata hivyo, kwa kituo kifupi Githurai au Juja, kufuli ni ya pili. Ya kwanza ni kibanda cha chakula. Baiskeli huegemezwa kwenye benchi analokalia mlaji, kufuli imeunganisha gurudumu na fremu tu, na akienda kunawa mikono anasema, "Mama, niangalizie hii." Anayesema hivyo baada ya kuagiza chapati na maharagwe huangaliziwa vizuri zaidi.

Usiku baiskeli ilale chumbani na mwenyewe. Ombi hilo litolewe kabla ya kulipia gesti, matairi yakiwa yamefutwa tope.