Unga wa Kiazi, Maji ya Tufaha

Muuzaji wa viazi vitamu akitaka kuisifia mali yake hukwambia kwamba vina unga, na hapo amemaliza. Muuzaji wa matufaha hathubutu kulitamka neno hilo. Tufaha lenye unga ni lile lililolala ghalani mpaka likachoka: ukiling'ata linasagika kama mchanga laini na maji hayatoki. Sifa ya mmoja ni aibu ya mwenzake, na ugumu wote wa kuoka viazi vitamu pamoja na matufaha umo humo. Sinia ikifika mezani, mimi hutazama kama kiazi kimebaki na unga wake na tufaha likabaki na maji yake, au kama vimemezana vikawa uji.

Msomaji wa Unguja au Pemba asinielewe vibaya. Tufaha ninalolisema si lile jekundu lenye nyama kama sifongo na harufu ya waridi. Ni lile la nchi za baridi, ambalo mitaani tunaliita epo, na ambalo siku hizi linalimwa pia Njombe na Lushoto. Chakula chenyewe kwao ni Marekani. Huko viazi vitamu na matufaha huvunwa majira mamoja, na hukutana mezani hasa Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, pembeni ya bata mzinga. Wengi wao huvimwagia sukari ya kahawia au asali. Mimi siwafuati huko, na sababu nitaieleza.

Tuanze na kiazi, maana kikiwa kibovu hakuna fundi atakayekiokoa. Ukisimama Gairo, kwenye mafungu yaliyopangwa kando ya barabara ya Morogoro na Dodoma, usivutiwe na ukubwa. Chagua kiazi cha wastani, kizito kuliko kinavyoonekana, kigumu kote hadi kwenye ncha. Tazama matundu madogo meusi kwenye ganda. Hiyo ni kazi ya fukusi, na hasara yake haiishii kwenye tundu. Kiazi kikishambuliwa hujitetea kwa kutoa uchungu unaosambaa kwenye nyama iliyo jirani, na moto hauuondoi. Ukikikata ukakuta njia za kahawia zenye harufu kali, kitupe kizima. Kuna wanaokata sehemu mbaya wakapika iliyobaki. Kipande kimoja cha namna hiyo kinatosha kuharibu sinia nzima.

Kiazi kilichochimbwa leo asubuhi nacho hakijawa tayari. Wakulima wa Marekani huviponya viazi baada ya kuvuna, wakiviweka kwenye joto la nyuzi 29 hivi na unyevu mwingi kwa siku 4 hadi 7, ili majeraha ya jembe yafunge na wanga uanze kugeuka sukari. Sisi tunaweza kuviacha siku kadhaa mahali pakavu penye hewa. Friji ni adui. Kiazi kitamu kikikaa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 12 au 13, kiini chake kinakuwa kigumu, na hata ukioka saa nzima utakuta punje ngumu katikati. Ukikutana na punje hiyo kwenye sahani ya mtu, usiulaumu moto wake.

Rangi ya nyama nayo inataka akili. Viazi vyetu vyeupe na vya manjano vina unga mwingi. Ukivioka peke yake hukauka na kukwama kooni. Vile vya rangi ya chungwa vya Marekani, kama Beauregard iliyotolewa Louisiana mwaka 1987, vina maji mengi, na vikikutana na maji ya tufaha hulegea haraka. Kwa sinia hii mimi napenda viazi lishe vyetu, ambavyo vina rangi ile ya chungwa lakini vingi havikupoteza unga. Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na watatu kati yao, yeye akiwemo, walituzwa kwa kazi ya viazi hivi. Rangi hiyo ndiyo inayoupa mwili vitamini A, na mwili huipokea vizuri pale inapoambatana na mafuta. Kwa hiyo ukiona samli imefanyiwa ubahili mpaka vipande vimekakamaa, hapo mlaji amepunjwa ladha na lishe pia.

Sasa utamu. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachokata wanga na kuufanya sukari iitwayo maltosi, na kazi hiyo hufanyika vizuri kiazi kikiwa na joto la kati, takribani nyuzi 60 hadi 75. Likiwa chini mno wanga haujalainika, na likizidi sana kimeng'enya kinaharibika. Kiazi kilichovumbikwa kwenye jivu la moto jioni, kikaiva taratibu watu wakiwa kwenye mazungumzo, kilipata muda wote huo wa kujitengenezea sukari. Ndiyo maana kinakishinda kile kilichoharakishwa. Mtu anayemwaga sukari juu ya viazi vilivyoivishwa kwa pupa anajaribu kununua kile ambacho angekipata bure kwa kungoja nusu saa.

Nami hufanya hivi. Kilo moja ya viazi, vipande vya sentimita 2 na nusu, vikaushwe kwa kitambaa, vipakwe vijiko 2 vya chakula vya samli na chumvi isiyofika kijiko cha chai. Naviweka kwenye oveni ambayo haijapata moto, naiwasha nyuzi 150 kwa dakika 25 hivi, halafu napandisha hadi 200. Hapo ndipo matufaha mawili yanapoingia, yakiwa yamekatwa makubwa kuliko viazi na ganda lake likiwepo, kwa dakika 15 hadi 20. Asiye na oveni atumie sufuria nzito, moto mdogo chini, makaa mengi yakipaliwa juu ya mfuniko kama anayeoka keki. Makaa ya juu yakiwa machache kuliko ya chini, utaunguza chini na juu pabaki pamepauka.

Tufaha nalo lina mtihani wake. Ligonge kwa kucha: lililo zima hulia kwa sauti kavu, iliyobana, lililochoka hutoa sauti ya kitu kilichojaa pamba. Granny Smith, lile la kijani lililoanzia Australia kwa Maria Ann Smith mwaka 1868, linafaa kuliko yote ninayoyapata kwa urahisi, kwa kuwa ukali wake unavumilia moto na nyama yake haimomonyoki upesi. Yale mekundu matamu yanayong'aa yanapendeza kwenye kapu la mgonjwa, lakini kwenye trei hulala chali. Tena hayana ukali, na bila ukali hakuna sababu ya kuliita tufaha kwenye kazi hii.

Sinia ikishafika, tazama pembe za viazi kwanza. Ziwe za kahawia iliyokolea, na pale kiazi kilipogusa trei pawe na utomvu wa sukari unaonata. Huo ndio ukoko wa chakula hiki, na wanaoujua huugombania kama ukoko wa wali. Ukiona maji yametuama chini, ujue trei ilijazwa kupita kiasi, viazi vikajichemsha kwa mvuke wake. Choma uma: katika kiazi uingie bila kusukumwa na kipande kisipasuke. Tufaha liwe limelainika, ganda limekunjamana kidogo, lakini bado unaweza kuliinua zima.

Kisha onja kipande cha kiazi na cha tufaha kwa pamoja. Chumvi itangulie, utamu ufuate, na mwisho uje ukali unaojaza mate mdomoni hata ukatamani kuongeza. Mdalasini ukitangulia kufika, mpishi ametia mwingi. Robo kijiko cha chai inatosha kilo nzima, na karafuu afadhali ibaki kwenye pilau. Ukali ukikosekana kabisa, matone ya ndimu yanasaidia, ingawa mlaji mzoefu atajua kuwa yaliongezwa.

Kipimo changu cha mwisho hufanyika asubuhi ya pili, kabla chai haijachemka. Naonja kiporo kikiwa baridi, bila kupasha. Samli imeganda na harufu imetulia, hakuna pa kujificha. Kama kiazi bado kinavunjika kwa unga wake, na tufaha nikilibana kwa ulimi linaachia maji machachu, basi viazi vile vilichaguliwa na mtu aliyeviangalia.